Lucy wa Hawaii na sahani ya Babu

Filamu yenyewe ni ya zamani. Ilitoka Februari 2004, inaitwa 50 First Dates, wameigiza Adam Sandler na Drew Barrymore. Aliyeniwekea kwenye flashi ni mwenzangu wa kazini hapa Unguja, akaniapia kwamba inachekesha na mtu anaweza kuitizama pamoja na wazee wake. Hilo la pili si kweli sana. Mimi nilimwamini, nikapanda boti na flashi yangu mkobani, na sikukuu ya tatu ya Idd el Fitr mwaka 2019 nikaunganisha kompyuta na televisheni ya mama, Wete, Pemba, mbele ya watu kumi na mmoja, mtoto mchanga wa wifi yangu nikimhesabu.

Bibi mzaa baba alikuwa kwenye mkeka wake karibu na dirisha, mkononi ukili wa mwaa anausuka. Shangazi alikuja kutoka Chake na wanawe watatu. Mjomba, ambaye mwaka mzima yuko kazini hotelini Nungwi, alikuwa amepewa siku nne. Baba alikaa kwenye kiti chake kimya kama kawaida yake. Mdogo wangu wa mwisho, wakati huo yuko kidato cha pili, ndiye aliyekabidhiwa kitufe cha kurukisha, maana kwetu busu halipiti mbele ya baba. Mimi nilikaa chini kando ya televisheni nikitafsiri kwa sauti.

Kwa ambaye hajaiona: Lucy ni msichana wa kisiwa cha Oahu, Hawaii. Siku ya kuzaliwa ya baba yake, Jumapili ya tarehe 13 Oktoba, walitoka yeye na baba kwenda kuchuma nanasi, wakapata ajali ya gari, kichwa chake kikaumia. Tokea hapo kila akilala, siku iliyopita inafutika, na akiamka anaamini ni Jumapili ile ile. Ya kabla ya ajali anayakumbuka yote. Ya baada hayapo. Baba yake na ndugu yake wa kiume wameamua kutomwambia. Kila siku wanasherehekea kuzaliwa kwa mzee, gazeti la mezani ni la tarehe ile ile, jioni wanatizama filamu ile ile na kushtuka mwisho wake kama hawajawahi kuuona. Lucy anamchorea baba yake picha kubwa ukutani iwe zawadi. Akishalala, wale wawili wanachukua brashi na kuupaka ukuta wote rangi nyeupe, ili kesho aukute mtupu. Kisha anatokea Henry, daktari wa wanyama wa baharini, anampenda, na inambidi aanze upya kila asubuhi.

Mjomba ndiye wa kwanza kuichukia, tena kabla Lucy hajatokea. Filamu inafungua kwa wanawake wa Marekani, mmoja baada ya mwengine, wakisimulia likizo zao Hawaii na mwanamme aliyewapa siku za raha kisha akapotea kwa visingizio. Mwanamme huyo ni Henry. Anawataka watalii tu, kwa sababu mtalii ana tarehe ya kuondoka.

"Huyu papasi," mjomba alisema, na wala hakucheka. Anawaona kila siku ufukweni, vijana wetu wenyewe wanaowaandama watalii, na anajua mama zao. Kilichomuuma ni kwamba papasi wa Nungwi wanaitwa wahuni na watu wote, polisi na wenye mahoteli kwa pamoja, na huyu wa Hawaii tunatakiwa tumpende mpaka mwisho kwa sababu ana digrii. Akaendelea kumkasirikia Ula, rafiki wa Henry, mwenyeji wa kisiwa, ambaye kazi yake yote ni kuvuta bangi, kuwa na watoto wengi na kuumia ovyo ili tucheke. Nilipomwambia kwamba mwigizaji, Rob Schneider, si mtu wa Hawaii hata kidogo, alitikisa kichwa tu. Watu waliolalamikia jambo hilo ni wengi, na mimi nakubaliana nao kabisa. Sisi wa visiwani tunakijua kitu hiki. Mgeni anakuja na mapenzi yake na huzuni yake, bahari inakuwa pambo nyuma ya mgongo wake, na mwenye bahari anapewa nafasi ya kubeba mizigo na kuchekesha.

Shangazi yeye aliudhika kwa jambo jengine, na nililiona zito zaidi.

"Ndoa ina ridhaa," alisema. "Mwari anaulizwa, na jibu lake linasikiwa. Huyu jana kakubali. Leo anaamka kitandani na mwanamme asiyemjua. Ile ridhaa ya jana inamfaa nini?"

Nilitaka kumjibu nikakosa. Filamu inajaribu, lazima niseme haki yake. Kuna mahali Lucy mwenyewe anakata shauri kumwacha Henry ili asimharibie maisha, anamfuta kwenye madaftari yake ya kumbukumbu na kwenda kuishi kwenye kituo cha wagonjwa wa ubongo. Henry anapomfuata huko hamjui, lakini kuta zimejaa picha za sura yake alizozichora kwa mkono wake, kwa sababu anamuota kila usiku. Hapo shangazi alinyamaza kidogo. Kisha ikaja sehemu ya mwisho, jahazi la Henry liko Alaska, Lucy anaamka, anatizama kanda inayomwelezea maisha yake, anapanda juu na kukuta ana mume na mtoto wa kike. Shangazi amezaa mara tano. "Na mimba?" aliuliza. "Miezi tisa, kila asubuhi anaamka na tumbo asilojua limetoka wapi? Hayo hawakuyaonyesha?" Hawakuyaonyesha. Filamu imeyaruka, na mimi ninaamini imeyaruka kwa makusudi, kwa sababu ingeyasimamisha tu mbele yetu kwa dakika moja pasingekuwa na kicheko tena.

Wanawe shangazi na mdogo wangu walicheka kuliko wote. Walicheka yule mnyama wa baharini mwenye meno marefu kama pembe alipomtapikia mtu. Walicheka mgonjwa anayeitwa Tom, ambaye kumbukumbu yake inadumu sekunde kumi na anajitambulisha upya kabla hujamaliza kumjibu. Mdogo wangu aligaragara. Kwa hiyo nilishangaa, mapema kabla ya hapo, ilipofika ile sehemu ya usiku, baba na ndugu yake Lucy wanapaka ukuta rangi nyeupe bila ya kusema neno, kumuona anainuka, anampa binamu yake kitufe, na kutoka uani. Alisema anakwenda kunywa maji. Alikaa muda mrefu.

Umeme ulikatika Lucy alipogundua. Mnaoijua filamu mnaikumbuka: askari anaiandikia gari yake faini, yeye anabisha kwamba kibali chake bado hakijaisha muda, anachukua gazeti, anaona tarehe. Uso wa Drew Barrymore pale ni uso wa mtu aliyefiwa. Sekunde hiyo hiyo sebule ikawa kiza. Wete tunapata umeme kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga tokea mwaka 2010, na kwa kawaida ukikatika hurudi upesi, lakini usiku ule ulichukua karibu nusu saa, na kwenye kiza kile ndipo watu wa nyumba yetu walipogombana.

Waligombana kuhusu Lucy. Hakuna aliyemtaja mtu mwengine yeyote.

"Wangemwambia tokea mwanzo," shangazi alisema. "Mtu mzima ana haki yake ya kujua."

"Kila asubuhi?" mama aliuliza.

"Kila asubuhi."

"Basi kila asubuhi wamfishe."

"Uongo ni uongo, wifi yangu. Aliyekufa kafa."

Katika filamu Lucy hafichwi kifo cha mtu yeyote. Shangazi aliposema vile, sote tulijua filamu tumeiacha kitambo.

Babu alifariki mwaka 2012. Alikuwa mvuvi, akitega madema upande wa Mtambwe, na kwa miaka zaidi ya hamsini Bibi alikuwa akitoka uani baada ya alasiri kutizama upepo. Alipoanza kusahau, kama mwaka 2015, kilichomrudia zaidi kilikuwa hicho. Jua likianza kushuka anauliza, "Hajarudi huyu? Mbona upepo umegeuka?" Mara ya mwanzo niliyomsikia mimi, nilikuwa nimekuja likizo ya wiki moja, na nilifanya kile nilichoamini kuwa ni heshima. Nilimshika mkono, nikamwambia Babu alifariki, Bibi, Mungu amrehemu, ni miaka mitatu sasa.

Alipiga ukelele ambao majirani waliusikia. Akauliza nani aliyemuosha, kazikwa wapi, kwa nini hakuitwa kumuaga. Akavua bangili zake mbili akazitia mapajani mwangu. Akauliza leo siku ya ngapi, kwa sababu lazima aanze kukaa eda, miezi minne na siku kumi, na alishaikaa, mimi mwenyewe nilikuwepo. Kabla ya isha alikuwa amesahau. Bangili alizikosa mkononi akadhani zimeibiwa. Kesho yake alasiri akauliza tena, na mimi nikamwambia tena. Nilimwambia mara nne wiki ile. Niliona kumdanganya ni kumfanya mtoto. Siku ya nne mama aliniita jikoni, na ni mwanamke mpole, hakuinua sauti: "Wewe Jumamosi unarudi Unguja. Mimi ndiye nnaebaki na msiba."

Sikumuelewa, na nilimjibu vibaya. Nikamwambia anachoka tu kumuuguza mavyaa wake ndiyo maana anatafuta njia nyepesi. Neno lile nililisema mimi, kwa mdomo wangu, na kwa miaka minne lilikaa baina yetu tukiwa tunapigiana simu, tunaulizana afya, tunatumiana samaki na halua kwa watu wanaosafiri.

Sasa tumo kizani, shangazi anayasema maneno yangu mwenyewe, tena kwa haki zaidi, maana Babu ni baba yake na ni yeye anayesikia kila akija kwamba baba yake yupo baharini. Nilimhurumia sana. Nilitaka kuzungumza. Kutoka dirishani Bibi akatangulia.

"Huyo msichana ana nini?"

"Anasahau, Bibi," nilisema.

"Maskini. Hana watu wake?"

"Anao."

Tukasikia ukili unaendelea, ule mchakacho wa mwaa ukipitishwa juu na chini. Kwenye kiza, bila ya kutizama, hakukosea.

Niliporudi Unguja niliyasoma mambo haya, kwa sababu sikuweza kuyaacha. Maradhi ya Lucy hayapo. Jina walilolipa kwenye filamu limetungwa. Mwaka huo huo wa 2004 mtaalamu wa Uingereza wa saikolojia ya ubongo, Sallie Baxendale, aliandika katika jarida la madaktari la BMJ kwamba filamu hii inafuata mila ndefu ya sinema ya kuonyesha usahaulifu usiofanana na maradhi yoyote yanayojulikana. Sisi tuliolelewa na filamu za Kihindi tunaijua mila hiyo: mtu anapigwa kichwa anasahau mkewe, anapigwa tena anamkumbuka. Ubongo haupangi usiku mmoja kuwa mpaka. Jambo la ajabu, mwaka 2010 watafiti wa San Diego waliandika juu ya mwanamke aliyepata ajali ya gari na akawa anasema anasahau kila usiku, sawa na Lucy. Walipomtahini kwa kuchanganya kwa siri vitu vya leo na vya jana yake, vya jana akavitambua. Hawakumwita mwongo. Walimuona ni mgonjwa kweli, wa namna nyengine, na wakasema huenda sura ya maradhi yake imetokana na filamu hii.

Anayefanana na ukweli ni Henry mwengine, Henry Molaison wa Marekani. Alipasuliwa kichwa mwaka 1953, akiwa na miaka 27, ili kumpunguzia kifafa, na daktari akamtoa sehemu ya ndani ya ubongo pande zote mbili, pamoja na kile kipande kinachoitwa hipokampasi, ambacho wakati ule haikujulikana kwamba ndicho kinachotuwekea kumbukumbu mpya. Aliishi hadi 2008 bila ya kuzipata tena. Yeye hakungoja usiku. Ukitoka chumbani ukarudi baada ya dakika chache, anakusalimia kwa mara ya kwanza. Lakini mtaalamu aliyemchunguza, Brenda Milner, alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiutizama mkono wake kupitia kioo, na siku baada ya siku mstari wake ukazidi kunyooka, ilhali kila siku akisema hajawahi kuifanya kazi hiyo. Mkono ulijifunza peke yake.

Niliposoma hapo niliiweka simu chini nikalia, kwa ajili ya ule mchakacho wa ukili. Maradhi ya Bibi hayakuwa ya Molaison, yake yalikuja polepole kama maji kujaa, na khasa jioni. Lakini msimu wa karafuu akiwekewa chano mbele yake alichambua makonyo kwa kasi iliyonishinda mimi. Yasini aliisoma mwanzo mpaka mwisho na hakupoteza herufi, hata ule mwaka aliofariki, 2021, alipokuwa halijui tena jina la baba.

Kwa hiyo nikiulizwa kama ni filamu nzuri, nasema sayansi yake ni mbovu, namna inavyowachukulia wenyeji ni mbaya, na vichekesho vyake nusu ningevikata. Nasema pia kwamba kanda ya Henry, inayomwambia Lucy kila asubuhi ukweli wote, inamfaa Lucy kwa sababu Lucy ni kijana, akili yake ya mchana ni nzima, anao uwezo wa kulia saa moja kisha akaamua afanye nini na siku yake. Bibi hakuwa na mchana huo. Alipata kilio tu, uamuzi haukumfikia. Shangazi na mimi tulikuwa tunamzungumzia Lucy, mama peke yake ndiye aliyekuwa akimzungumzia Bibi. Nilimwambia hivyo mama usiku ule ule wa filamu, tukiosha vyombo. Alinipa sahani niipanguse.

Na kuna ule ukuta. Watengenezaji wa filamu wameupa muda mfupi tu, baba na kijana wake, brashi mbili, ndoo ya rangi, wamechoka, kesho watarudia. Kwa picha hiyo nawasamehe mengi.

Umeme uliporudi tulimaliza filamu, watu wakalala. Mdogo wangu alikuwa barazani. Nikamuuliza alitoka kwa nini.

Mama alikuwa na jibu lake kwa Bibi, tokea ile wiki yangu: "Upepo umekataa, wamelala Mtambwe." Na Bibi kila siku alisema, "Basi mfunikieni chakula chake." Hapo mama hupakua sahani, wali au muhogo na kipande cha samaki, na kuifunika kawa. Hayo niliyajua, niliwahi kuiona sahani. Nisichojua ni cha asubuhi. Bibi akiamka jambo la kwanza alifunua kawa. Akikuta chakula kipo, anaanza: hajaja, kapotea, mwiteni fulani atoe ngalawa. Akikuta sahani tupu na miba imewekwa upande, anatulia: kaja, kala, katoka tena na maji ya alfajiri.

"Mama alikuwa akikimwaga," mdogo wangu alisema, "lakini Bibi akaiona miba haijatafunwa, akajua. Kwa hiyo nikawa nakila."

"Tokea lini?"

"Tokea darasa la sita."

Kila alfajiri, kabla ya kwenda skuli, gizani, anakula chakula cha Babu kilicholala, anaipanga miba ukingoni mwa sahani kama alivyokuwa akiipanga Babu, anarudisha kawa. Aliniambia wali haukuwa na tabu. Muhogo uliolala ndio uliokuwa ukimkaba.

Asubuhi, kabla sijaenda kukamata boti, akaniomba ile flashi. Nilimwachia.